Kabla ya kwenda ufukweni na mbwa, mchanje

Kipupwe kimeingia. Masika yamekwisha, upepo wa kusi unavuma, jua halichomi kama la Januari, na watu wa Unguja wameanza kupanga safari za nje ya mji. Familia zinakodi gari kwenda Kizimkazi na Matemwe. Vijana wa Mji Mkongwe na Ng'ambo wanachanga fedha za hema ili walale Michamvi japo usiku mmoja. Makunduchi wanajitayarisha kwa Mwaka Kogwa wa mwezi wa Julai, ambao huwavuta wageni wengi hadi kusini mwa kisiwa. Na wasasi, ambao kwao safari hizi ni desturi ya kale na msaada kwa wakulima, wanaendelea kuingia maporini mwisho wa wiki kuwasaka nguruwe mwitu wanaoharibu mihogo na viazi.

Katika nyingi ya safari hizo yupo msafiri ambaye hatumhesabu. Naye ni mbwa. Msasi haendi bila mbwa. Mgeni aliyehamia Paje au Jambiani akaifanya Unguja kuwa kwao hutembea na mbwa wake ufukweni kila asubuhi, na wapo wanaolala naye hemani. Na hata wewe usiyefuga, ukifika pwani ukawasha moto wa kuchoma samaki, haichukui muda atatokea mbwa asiyejulikana ni wa nani. Atakaa pembeni, atakutazama, na mmoja wa watoto atamtupia kichwa cha samaki. Hapo safari yako nayo imeshakuwa safari na mbwa.

Msomaji, najua umeshafikiria maji ya kunywa, dawa ya mbu na tochi. Swali ambalo wengi hatuliulizi, na ambalo ningependa liwe la kwanza, ni hili: mbwa huyu amechanjwa?

Ugonjwa usio na msamaha

Kichaa cha mbwa husababishwa na virusi vinavyotoka katika mate ya mnyama mgonjwa. Humwingia mtu kwa kuumwa, kwa kukwaruzwa, au kwa mate kugusa kidonda, macho au mdomo. Vikishaingia, hupanda taratibu kwa kufuata mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Mara nyingi safari hiyo huchukua miezi miwili au mitatu, lakini inaweza kuwa wiki moja tu, na inaweza kupita mwaka. Jeraha likiwa usoni, shingoni au kichwani, njia ya kufika kwenye ubongo ni fupi zaidi. Ndiyo maana mtoto mdogo, ambaye uso wake unakaribiana na mdomo wa mbwa, yumo katika hatari kubwa kuliko mtu mzima.

Muda huo wa kimya ndio unaowaponza watu. Kidonda kinafunga, mtoto anarudi skuli, tukio linasahaulika. Kisha siku moja pale penye kovu panaanza kuwasha au kufa ganzi. Homa inapanda, usingizi unapotea, mgonjwa anakuwa na wasiwasi usio na sababu. Akiletewa kikombe cha maji koo linakaza kwa maumivu, na hata upepo wa feni unamshtua. Wapo wanaoziona dalili hizo wakasema ni pepo, au mtu karogwa, wakampeleka kwa mganga. Ukweli mchungu ni kwamba dalili zikishaonekana, hata hospitali kubwa haina dawa ya kumrudisha. Karibu kila mgonjwa hufa, na mara nyingi ni ndani ya siku chache.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na takriban wanne kati ya kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Katika watu 100 wanaoambukizwa, 99 huambukizwa na mbwa. Kwa Tanzania, makadirio ya watafiti yaliyochapishwa mwaka 2002 yalifikia vifo karibu 1,500 kwa mwaka, idadi iliyopita kwa mbali sana ile iliyokuwa ikiripotiwa rasmi. Sababu haihitaji utafiti mwingi: wengi hufia nyumbani, na kaburi haliandikwi jina la ugonjwa.

Linaloumiza zaidi ni kwamba kinga ipo tangu enzi za mababu zetu. Julai 1885, mjini Paris, Louis Pasteur alisimamia chanjo ya mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa. Mtoto yule aliishi mpaka utu uzima. Siku aliyofariki Pasteur, 28 Septemba, ndiyo leo inayoadhimishwa kuwa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Zaidi ya miaka 130 imepita, na bado tunawazika watoto kwa ugonjwa ambao mtoto yule aliepushwa nao.

Somo kutoka Pemba

Watu wa visiwani tuna bahati ambayo wa bara hawana, nayo ni bahari. Mbwa mgonjwa wa Korogwe anaweza kukimbia kwa miguu yake mpaka wilaya ya jirani. Mbwa wa Bagamoyo hawezi kuja Bumbwini hivyo. Akifika huku, amefika kwa boti, kwa jahazi au kwa mashua, na yupo mtu aliyempandisha.

Ndugu zetu wa Pemba wametuonyesha maana ya bahati hiyo, na namna inavyopotea. Watafiti walifuatilia ugonjwa huu kisiwani humo kuanzia mwaka 2010 hadi 2020. Waliwafuatilia walioumwa na mbwa waliowauma, wakavichunguza virusi vyenyewe maabara ili wajue kipi kimetoka wapi. Waligundua kwamba mwaka 2010 palikuwa na minyororo mitano ya maambukizi ikizunguka Pemba kwa wakati mmoja. Ukaanza utaratibu wa kuchanja mbwa kila mwaka katika kisiwa kizima, na mwaka hadi mwaka ukaboreshwa. Mbwa wagonjwa wakapungua, walioumwa wakapungua, vifo vikapungua. Kufikia Mei 2014 minyororo yote mitano ilikuwa imekatika.

Kisha uchanjaji ukalegea. Mwishoni mwa mwaka 2016 ugonjwa uliingia tena kisiwani mara mbili, na kwa kuwa mbwa wengi hawakuwa na kinga, ukaenea. Ilibidi kazi ya kuchanja kisiwa kizima ianze upya, na mlipuko ule ukazimwa Oktoba 2018. Watafiti hao walipiga hesabu wakaona kwamba Pemba ikibaki bila kichaa cha mbwa, zaidi ya familia 30 kila mwaka huepushwa na balaa la kuumwa na mbwa mwenye kichaa.

Zingatia mpangilio wa matukio hayo, msomaji. Kuusafisha kisiwa kulichukua miaka. Kuuchafua tena kulitaka mambo mawili tu: chanjo kusahauliwa, na ugonjwa kuvushwa bahari. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ukuta tunao, tena ni bahari nzima. Tunachotakiwa ni kuacha kuutoboa.

Ndiyo maana nasema bila kuzunguka: anayepandisha mbwa asiyechanjwa kwenye chombo cha kuja Unguja, iwe kwa safari ya siku tatu ufukweni au kwa kuhamia, anajiamulia jambo ambalo si lake peke yake. Na Unguja inapokea vyombo vingi zaidi na wageni wengi zaidi kuliko Pemba. Lililotokea kule mwaka 2016 linaweza kutokea huku.

Wanaompenda, wanaomkwepa na wanaotaka auawe

Katika suala la mbwa, watu wa Unguja tumegawanyika makundi matatu, na kila kundi lina kosa lake.

La kwanza ni la wanaompenda. Hawa utawakuta zaidi katika vijiji vya pwani ya mashariki na kaskazini. Mbwa wao anaogeshwa kwa sabuni ya manukato, analala ndani, ana jina na picha zake zimejaa simuni. Ukimuuliza mwenyewe kuhusu chanjo anajibu kwamba mbwa wake ni msafi na hakai na mbwa wa mtaani. Usafi wa manyoya hauzuii virusi. Na mbwa huyo msafi, akifunguliwa kamba ufukweni jioni, ndani ya dakika tano atakuwa anacheza na wale wale wa mtaani anaodaiwa hakai nao.

La pili ni la wanaomkwepa, na hapa tupo wengi. Mate ya mbwa ni najisi, na desturi yetu ni kukaa naye mbali. Silipingi hilo. Lakini umbali umezaa kutojali. Mbwa anayezunguka jikoni kwa mama ntilie, anayelala chini ya ngalawa na kula mabaki ya soko la samaki, kila mtu anasema si wake. Siku ya chanjo hakuna wa kumshika. Dini iliyotufundisha twahara ndiyo hiyo hiyo iliyoruhusu mbwa wa kuwinda na wa kulinda mifugo, na kila aliyepitia chuoni anakijua kisa cha mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Kumfunga mbwa kamba kwa dakika kumi ili achanjwe si kumfuga chumbani. Ni kuwalinda watoto wanaopita njia hiyo kwenda madrasa alfajiri.

La tatu ni la wanaosema dawa ni kuwaua wote, kwa risasi au kwa sumu. Nawaelewa hofu yao, lakini njia hiyo imejaribiwa katika nchi nyingi na haijaufuta ugonjwa huu. Ukiwaua mbwa wa mtaa mmoja, chakula na nafasi vinabaki, na wengine wanazaliwa au wanahamia. Unawaua waliochanjwa pamoja na wasiochanjwa, na wenye mbwa wanawaficha. Kinachoukata mnyororo ni chanjo. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba mbwa saba kati ya kumi wakiwa wamechanjwa, virusi hukosa pa kwenda na maambukizi hufifia. Mbwa aliyechanjwa anayezunguka mtaani kwako ni kama mlinzi ambaye humlipi mshahara.

Kwa wasasi nina neno la peke yao. Nyinyi ndio mnaosafiri na mbwa wengi kwa pamoja, mkitoka shehia moja kwenda nyingine. Mbwa wenu huumana na wanyama wa porini, huumana wenyewe kwa wenyewe, na hukutana na mbwa wa vikundi vingine. Mbwa mmoja mgonjwa katika msafara wenu anaweza kusambaza ugonjwa vijiji vitatu kwa siku moja. Mzee wa kikundi na aweke sharti: mbwa asiye na kadi ya chanjo ya mwaka huu haingii porini. Mkilisimamia nyinyi wenyewe, litashika kuliko amri ya ofisi yoyote. Na kwa kuwa mikono yenu imo midomoni mwa mbwa kila wiki, muulizeni daktari kuhusu chanjo ya kinga kwa binadamu kabla ya kuumwa. Ipo, na imekusudiwa watu wa kazi kama yenu.

Mtu akiumwa, dakika 15 za kwanza

Hema lako liko Nungwi au Bwejuu, ni saa tatu za usiku, na mtoto ameumwa mguuni. Usianze kwa kumfukuza mbwa wala kwa kugombana na mwenyewe. Anza kwa maji na sabuni.

Osha jeraha kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili. Tazama saa, maana dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani. Sabuni ya kufulia inatosha. Usioshe kwa maji ya bahari ukaridhika kwamba chumvi inaua kila kitu. Baada ya hapo paka dawa ya kuua vijidudu kama unayo. Usipake majivu, mafuta ya taa, pilipili wala kitunguu, na usilifunge jeraha kwa kulibana. Mhudumu wa afya naye kwa kawaida hataharakisha kulishona.

Hapa pana jambo linalotuhusu wenyewe. Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi visiwani, wanajua kwamba palipoguswa na mate ya mbwa hutwaharishwa kwa kuoshwa mara saba, mara moja ikiwa kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Hiyo ni hukumu ya twahara, na maswali yake yana wenyewe, masheikh wetu. Ninachosema mimi ni cha afya: udongo usiingie katika jeraha bichi, kwa sababu unaweza kubeba pepopunda. Tanguliza sabuni na maji kwa dakika 15, wahi hospitali, kisha mambo ya twahara muulize mwenye elimu akuelekeze namna isiyomdhuru mgonjwa. Sina shaka kwamba hakuna sheikh atakayekuamuru umtie mtoto wako udongo katika nyama iliyo wazi.

Kisha nenda kituo cha afya, usiku huo huo au alfajiri. Usisubiri mwisho wa likizo. Chanjo ya aliyeumwa haitolewi sindano moja. Hutolewa siku ya kwanza, ikarudiwa siku ya tatu na ya saba baada ya hapo, na kwa utaratibu mwingine huongezwa ya siku ya 14. Jeraha likiwa limetoboa ngozi, huenda daktari akaongeza dawa ya kinga ya haraka inayodungwa kuzunguka jeraha lenyewe, ili imlinde mgonjwa wakati mwili unajenga kinga yake. Mwulize pia kuhusu sindano ya pepopunda. Mjamzito, mama anayenyonyesha na mtoto mchanga wote wanachanjwa. Aliyewahi kuchanjwa zamani naye aende, maana bado anahitaji sindano za kuongeza nguvu.

Wengi huacha njiani. Sindano ya kwanza mtu anakwenda kwa hofu, ya pili kwa kukumbushwa, ya tatu anaona mguu umepona na nauli ya kutoka Makunduchi kwenda mjini ni hasara. Tafadhali usiache. Kupona kwa kidonda hakuhusiani na virusi vilivyoko ndani.

Kuhusu mbwa aliyeuma, usimuue ukamzika. Kama ana mwenyewe, afungwe mahali salama na kutazamwa kwa siku 10. Akibaki mzima baada ya siku hizo, basi hakuwa na virusi katika mate yake siku aliyouma, na daktari anaweza kuamua kusimamisha chanjo. Akibadilika tabia, akaanza kuuma hovyo hata mawe na vijiti, sauti ikabadilika, udenda ukamtoka, taya likalegea au miguu ya nyuma ikapooza, mwite ofisa mifugo mara moja. Kumbuka pia kwamba si kila mbwa mgonjwa ni mkali. Wengine hujikunyata gizani, wanaonekana wanyonge, na watu wema huwauma wakijaribu kuwasaidia. Na hayo yote yanahusu pia paka, ambao Mji Mkongwe umejaa, pamoja na kima.

Yaliyomo mchangani

Kichaa cha mbwa ndicho kinachoua, lakini kipo kingine kinachowasumbua wengi zaidi wanaolala ufukweni. Mbwa asiyepewa dawa ya minyoo hujisaidia mchangani, na mayai ya minyoo ya safura ya mbwa huanguliwa humo, hasa penye kivuli na unyevunyevu, pale pale unapopenda kutandika. Viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya mguu, mgongo au makalio. Kwa kuwa mwili wa binadamu si nyumba yake, hubaki vikitangatanga chini ya ngozi na kuacha mstari mwekundu unaojipinda kama njia ya nyoka, unaowasha usiku kucha.

Mstari huo hauondoki kwa kukwangua na wembe wala kwa kuchoma kwa barafu. Dawa ya vidonge ipo, na daktari au mfamasia ataitoa kwa kipimo kinachofaa. Kinga ni rahisi zaidi: vaa kandambili, tandika mkeka au kanga nene badala ya kulala juu ya mchanga, na mwenye mbwa azoe kinyesi cha mbwa wake akitie kwenye mfuko. Kukifukia mchangani ni kumtegea anayekuja nyuma yako.

Mbwa mwenyewe naye ana afya ya kuangaliwa. Mchanga wa saa saba mchana unaunguza nyayo zake kama unavyounguza zako. Akinywa maji ya bahari atatapika na kuishiwa nguvu, kwa hiyo mbebee maji yake baridi. Usimwache ale samaki waliotupwa na maji, maana mmoja wao anaweza kuwa bunju, na sumu ya bunju humuua mbwa kama inavyomuua mtu. Jioni mkague kupe masikioni na katikati ya vidole. Usiku afungwe. Mbwa aliyeachwa ufukweni hufukua mayai ya kasa, na katika misitu kama Jozani mbwa ni tishio kwa paa nunga, mnyama adimu ambaye amebaki katika sehemu chache tu za dunia. Hifadhini si mahali pa kumpeleka.

Kabla hujapakia mizigo

Kama una mbwa, mambo ya kufanya si mengi. Mchanje kila mwaka, na kama ni mara yake ya kwanza, afanyiwe hivyo angalau wiki nne kabla ya safari, maana kinga haijengeki kwa siku moja. Mpe dawa ya minyoo. Tembea na kadi yake, si nakala ya kumbukumbu kichwani. Kama unamvusha kutoka bara, ulizia kibali na cheti cha daktari wa mifugo kabla hujakata tiketi ya boti, na kama mtu wa chombo atakwambia "mpandishe tu, hakuna anayeangalia," jua kwamba maneno hayo ndiyo tundu katika ukuta wetu. Ufukweni mfunge kamba, hasa penye watoto.

Kama huna mbwa, wafundishe watoto kabla ya kushuka garini. Wasimguse mbwa wasiyemjua. Wasimwendee anayekula, aliyelala au mwenye watoto. Akiwakaribia wasimame kimya kama mti, wasikimbie wala kupiga kelele. Akiwaumiza au kuwakwaruza, waseme. Hili la mwisho ndilo kubwa. Watoto wengi huficha kwa kuogopa kugombezwa kwamba wamecheza na mbwa. Mwambie mwanao waziwazi: ukiumwa, hutapigwa. Sentensi hiyo inaweza kumwokoa.

Na chukua mche mmoja wa sabuni ya ziada. Pia uliza mapema, kituo kipi cha karibu kina chanjo ya aliyeumwa na mbwa, ili usizunguke na mgonjwa usiku.

Fedha za mbwa, fedha za watu

Najua hoja itakayoletwa. Kwa nini fedha za afya ziende kwa mbwa wakati wodi za wazazi zina uhaba? Jibu ni kwamba fedha hizo haziendi kwa mbwa. Mtu mmoja akiumwa anahitaji sindano tatu au nne, nauli za kwenda na kurudi, siku za kazi zilizopotea, na mara nyingi mzazi wa kumsindikiza. Chanjo ya binadamu humwokoa yule aliyekwisha kuumwa, na lazima iwepo, tena bila malipo, kwa sababu maskini ndiye anayeshindwa kurudi sindano ya pili. Lakini hata ukiwachanja wote walioumwa, mbwa mgonjwa anaendelea kuuma. Kinachofunga bomba ni chanjo ya mbwa. Utafiti wa Pemba ulisema hivyo hivyo: viwili hivyo vinakwenda pamoja, na cha pili ndicho kinachoukata ugonjwa.

Kwa hiyo maoni yangu kwa wenye mamlaka ni haya. Kila sheha aijue idadi ya mbwa katika shehia yake, wenye mwenyewe na wasio na mwenyewe, kama anavyoijua idadi ya kaya. Siku ya chanjo itangazwe misikitini, makanisani na skuli, na ifanyike kila mwaka hata ule ambao hakuna aliyeumwa, kwa sababu mwaka wa namna hiyo ndio hasa tunapozembea. Hoteli na nyumba za wageni zinazopokea wenye mbwa zidai kadi ya chanjo kama zinavyodai pasipoti. Na bandarini, mbwa asiye na cheti asishuke. Dunia imejiwekea lengo la kufikisha sifuri vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Sisi wa visiwani, tuliozungukwa na maji pande zote, hatuna sababu ya kuwa wa mwisho.

Wakati tukiyasubiri hayo, lako linawezekana leo. Kama unafuga, itafute kadi ya mbwa wako na usome tarehe. Kama imepita mwaka, au kama kadi haipo, safari ya ufukweni iahirishe mwezi mmoja, na ya kwanza iwe ya kwenda kwa daktari wa mifugo. Fukwe za Paje na Nungwi zitakuwa pale pale.